Gari Hili Asiliguse Mtu

Jumatatu, 8 Julai 2024
Miaka thelathini na moja nimeendesha magari ya watu, na kila siku nilijaza daftari la safari: kilomita, mafuta, nimetoka wapi, nimemshusha nani. Mwaka jana nilistaafu. Daftari hili lilikuwa halijaguswa, nikaondoka nalo. Ofisi haikunipa hata saa ya ukutani, basi na wao wakose daftari.

Safari zangu sasa ni chache, kwa hiyo nitaandika habari za gari lenyewe. Ni Crown nyeusi, gari la kwanza kuandikwa jina langu kwenye kadi. Binti yangu Kokuberwa, tunamwita Koku, anaolewa Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba. Kwenye kikao cha kamati ya harusi nilisimama nikasema: bibi harusi atapanda gari la baba yake, na dereva ni baba yake. Nimewapeleka kanisani watoto wa mabosi sita, nikiwa nimevaa suti ya ofisi, na hakuna aliyenikaribisha hata kukaa. Zamu hii nampeleka wangu.

Alhamisi, 11 Julai
Hapa Boko mvua imeaga tangu Mei, na barabara yetu ya mtaani wameichimbua kupitisha mabomba. Malori ya mchanga yanaanza kupita alfajiri. Ukiweka chai barazani, hujaimaliza imeota utando. Wanachimbia mabomba ya maji na sisi maji tunanunua kwa madumu. Nchi hii ukitaka kucheka utachoka.

Jioni nimewaita mke wangu Vaileth na Koku kwenye banda la gari nikawapa sheria. Gari jeusi linaonyesha kila kitu. Mpaka tarehe 12 Oktoba gari hili asiliguse mtu.

Koku akasema, "Baba, nifundishe basi mie ndiyo niwe nakuoshea. Mgongo wako huo."
"Gari si sufuria," nikamwambia. "Wewe kazi yako ni kuolewa."
Akacheka, akaenda kuinjika ugali.

Jumamosi, 13 Julai
Madumu manane ya maji, yote kwa ajili ya gari. Vaileth amenuna kwa sababu nguo hazijafuliwa. Anune.

Naandika hapa maana sina mtu wa kumweleza. Watu hawajui kwamba vumbi ni mchanga, na mchanga ni msasa. Mtu anachukua kitambaa kikavu anafuta boneti, anaona linang'aa, anajisifu. Kumbe ameshalikwangua. Vumbi usiliguse kwanza. Livute gari kivulini, lipoe bati. Kisha mwaga maji mengi kuanzia juu ya paa, yateremke yenyewe, yabebe mchanga. Ndipo ushike kitambaa. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili uchafu ulioutoa usiurudishe. Sabuni ya magari, sio ya unga ya kufulia. Futa kwa mstari ulionyooka, usizungushe mkono. Ringi za matairi mwisho kabisa, na zina kitambaa chao. Kitambaa kikidondoka chini, kimekufa, chukua kingine. Kukausha unalaza taulo na kulibonyeza, husugui.

Na kama maji hakuna, acha vumbi likae. Vumbi lisiloguswa halina kosa. Hili ndilo linalowashinda watu, kuacha.

Mgongo umeuma mpaka nimeshindwa kuinama kuvua viatu.

Ijumaa, 19 Julai
Misa ya asubuhi, kama kila siku. Maji hakuna. Vumbi dogo.

Jumatano, 24 Julai
Malori kumi na manne nimeyahesabu nikitoka misa. Nimeingia bandani nikitegemea kukuta unga, nimekuta vumbi dogo tu. Nadhani upepo umegeukia kwa jirani. Nimeingia ndani nikiwa na furaha, nikanywa chai vikombe viwili.

Ijumaa, 2 Agosti
Leo nimetoka misa nikamkuta Nurdin amesimama bandani, kandokando ya gari. Nurdin ni jirani yangu mwaka wa kumi na saba huu, fundi wa kushona kanzu na suti, na yangu ya harusi yuko nayo yeye. Mkononi ameshika kipande cha kitenge, kile kile anachokatia madera ya kina mama.

"Hicho cha nini?" nikamuuliza.
"Nimekiokota hapa chini, jirani. Kimedondoka." Akakitia mfukoni haraka haraka, akaanza kunieleza habari za kifua cha koti, kwamba nimepungua.

Sikupenda. Nimenyamaza kwa sababu suti haijaisha.

Ijumaa, 9 Agosti
Vumbi dogo.

Jumanne, 20 Agosti
Vumbi dogo. Koku anakohoa, nimemwambia apunguze kukaa nje asubuhi na vumbi hili. Akasema, "Sawa, baba." Ananitazama siku hizi kama mtu anayesubiri nimsifie kitu. Nadhani ni mambo ya wanaoolewa.

Jumamosi, 31 Agosti
Nimeosha kwa madumu manne tu, bandani humo humo kwenye giza. Sikulitoa juani. Kwa nini nilitoe juani likapigwe vumbi?

Jumamosi, 14 Septemba
Leo andiko litakuwa refu.

Kamati imemtuma Edgar kukagua gari. Edgar ndiye kiongozi wa kitengo cha usafiri, kijana mwenye ndevu za kuchongwa, ameshika simu mbili. Siku hizi harusi ina kitengo cha kila kitu, nasubiri kuona kitengo cha kupiga miayo. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo mzee wangu." Akasema mpiga video anataka kuona gari kwenye jua maana msafara utapita barabarani saa nane mchana.

Nikalitoa. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, kama nilivyovaaga zamani nikimfuata bosi. Nikaliweka katikati ya uwanja, jua la saa sita, nikashuka, nikageuka kulitazama.

Boneti yote, milango yote minne, mpaka paa: mistari midogo midogo ya kuzunguka, imepandana, kama utando wa buibui. Ukisogea na yenyewe inasogea na jua. Nimekaa miezi miwili nafurahia gari gizani.

Edgar akainama, akapitisha kidole. "Mzee, samahani. Hii gari inasuguliwaga na nini?"

Mtoto wa juzi ananiuliza mimi hilo swali. Mistari ya kuzunguka ina maana moja tu, na mimi ndiye ninayeijua kuliko mtu yeyote mtaa huu. Kuna mtu analifuta gari langu likiwa kavu. Si mara moja. Kila siku.

Vaileth alikuwa mlangoni, Koku kando yake ameshika trei ya juisi ya mgeni. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na sijutii kuandika maneno yenyewe: "Aliyegusa gari hili nitamjua. Na nikimjua, mkono wake sitaushika tena mpaka nakufa. Namwapia Mungu aliye juu."

Trei ilianguka. Nikamwambia Koku aangalie anachofanya. Akaokota vipande akaingia ndani.

Kisha nikakumbuka kipande cha kitenge.

Jumapili, 15 Septemba
Nimemfuata Nurdin dukani kwake baada ya misa. Wateja wawili walikuwepo, na mimi sikuwasubiri watoke.

"Umeniharibia gari," nikamwambia. "Kila asubuhi ukitoka msikitini unapita kwangu na matambara yako. Kwa nini? Nimekukosea nini?"

Akasimamisha cherehani. Alinitazama muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, maana Nurdin ubishi anaujua, tumebishana mpira miaka kumi na saba.

"Umeniona nikifuta?" akauliza.
"Nimekuona na kitambaa."
"Basi kama umeona, umeona."

Akakanyaga cherehani akaendelea. Kwangu mimi huko ni kukiri. Mtu asiye na kosa anajitetea.

Jumatano, 18 Septemba
Nurdin akipita anamsalimia Vaileth, mimi ananiambia "Habari ya asubuhi" kama karani wa benki. Vizuri. Vaileth anasema nimezidisha. Nimemwambia akapike.

Koku halali vizuri, macho yamemvimba. Nimemwambia asiwaze, nitalitafutia gari fundi wa kulipiga polishi, siku ya harusi litapendeza. Akasema, "Baba, hivi gari lingekuwa limekwanguka bahati mbaya, na mtu hakujua?"
"Hakuna asiyejua," nikamjibu. "Nilisema asiliguse mtu. Hapo pana kipi cha kutojua?"
Akasema, "Kweli."

Ijumaa, 27 Septemba
Edgar amepiga simu. Kamati imepata gari lingine la bibi harusi, jeupe, la wazi juu. "Mzee wangu usijisikie vibaya, wewe utakaa mbele kabisa kanisani, heshima yako iko palepale."

Heshima yangu iko palepale, yaani bandani, chini ya mabati. Fundi wa polishi alikuwa aje kesho. Nimemwambia asije, alipolishie nini.

Nurdin amenitoa kwenye harusi ya mwanangu. Sikuwahi kumchukia mtu kiasi hiki, hata yule bosi aliyenisimamisha kwenye mvua saa nne nzima.

Jumamosi, 5 Oktoba
Sherehe ya kumuaga Koku. Nimetoa hotuba fupi. Watu wanasema nilikuwa mkali. Vumbi dogo.

Ijumaa, 11 Oktoba
Suti imeletwa. Nurdin hakuja, ameileta Vaileth, alikwenda kuichukua mwenyewe bila kuniambia. Nilitaka kuikataa, ila sina nyingine. Nimeijaribu. Imenikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa, na nimekasirika zaidi.

Jumamosi, 12 Oktoba
Kilomita: sifuri. Gari limebaki nyumbani.

Nimekwenda kanisani kwenye basi dogo la kosta pamoja na wajomba wa Bukoba, nimekaa dirishani nikiona gari jeupe la wazi mbele yetu na shela la mwanangu likipepea. Dereva wake alikuwa anashika breki hovyo.

Pale mlangoni nilitakiwa nimshike Koku mkono nimpeleke mbele kwa Lusungu, mume wake. Nikanyoosha mkono. Akasita. Alitazama mkono wangu halafu akanitazama usoni, nikamwambia, "Twende, watu wanangoja." Akanipa. Mkono ulikuwa wa baridi njia nzima. Nikadhani ni woga wa kuolewa.

Jumapili, 20 Oktoba
Koku na Lusungu wameondoka jana kwenda Njombe, ndiko Lusungu anakofundisha. Nyumba imekuwa kubwa. Vaileth anapika cha watu watatu, tunakula cha mmoja.

Gari lina vumbi nene. Sijaligusa.

Alhamisi, 24 Oktoba
Vumbi nene.

Jumatatu, 28 Oktoba
Vumbi nene, unaweza kuandika barua juu ya boneti. Na la ajabu ni kwamba mafundi wa mabomba walishamaliza kufukia wiki mbili zilizopita. Malori hayapiti tena. Upepo wenyewe ni ule ule.

Ijumaa, 1 Novemba
Leo sikwenda misa ijapokuwa ni sikukuu ya Watakatifu Wote. Nimekaa bandani na daftari hili nikisoma kuanzia mwanzo. Julai, malori kumi na manne kwa asubuhi moja, vumbi dogo. Agosti, vumbi dogo. Tarehe 5 Oktoba, Nurdin keshafokewa, bado vumbi dogo. Mwisho wa Oktoba, malori hakuna, vumbi nene.

Mimi ni dereva. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la pili angeitoa. Kila asubuhi nilikuta gari halina vumbi nikasema ni upepo, kwa sababu nilipenda iwe hivyo. Niliingia ndani nikafurahi, nikanywa chai. Na Nurdin yupo bado, anapita kila alfajiri akitoka msikitini kama alivyopita miaka yote. Aliyeondoka ni mmoja tu.

Jumamosi, 2 Novemba
Nimekwenda kwa Nurdin. Hakunikaribisha kiti. Nikasimama kati ya kanzu zilizotundikwa.

"Alikuwa Koku," nikasema.
Hakuinua kichwa. "Alhamdulillahi, umejua mwenyewe."
"Ulimwona?"
"Kila siku. Wewe uko misa, mie narudi msikitini, yeye anafuta mbiombio kabla hujarudi. Aliniomba vitambaa, nikamchagulia vilaini. Nikamwambia, mwanangu, mzee wako si kakataza? Akasema, baba mgongo unamuuma, na maji hamna, na akikuta gari halina vumbi anaingia ndani anacheka. Anasema siku hizo ndiyo unaongeaga naye."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile nilipomfokea.

"Ungemfanya nini?" Sasa akanitazama. "Ulishaapa. Mtaa mzima tulikusikia. Harusi ilikuwa imebaki wiki nne. Nikasema, mie mtu mzima, lawama naibeba, mtoto aolewe kwa amani."

"Nurdin, nisamehe."
"Nimekusamehe zamani, Baba Koku. Sina kinyongo." Akapitisha uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu. "Ila wateja wangu wale wawili siku ile hawakurudi. Na mie kukaa kwako nikabishane mpira, siwezi tena. Uniwie radhi, nina kanzu za watu."

Nimerudi nyumbani nikamuuliza Vaileth kama alijua. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Nilijua siku trei ilipoanguka," akasema. "Alinililia chumbani. Nilitaka kukwambia, akanizuia. Na hakuthubutu kuacha kufuta, vumbi likizidi ghafla ungemjua. Na hilo gari jeupe si kamati. Koku mwenyewe alimpigia Edgar amtafutie lingine. Alisema hawezi kukaa kiti cha nyuma huku anakuona mgongo wako, na anajua ulichoapa."

Basi ndiyo hivyo. Miaka thelathini na moja nilibeba watu kiti cha nyuma, na niliwajua kwa kioo bila kugeuka: nani amegombana na mkewe, nani anaumwa, nani kafukuzwa kazi. Wangu nimekaa naye nyumba moja nikashindwa.

Nimetafuta bandani. Nyuma ya simtanki tupu la maji nimekuta vipande vya kitenge kumi na viwili, vimefuliwa, vimekunjwa, vimepangwa kwa ukubwa. Alikuwa anavifua. Kwa maji gani sijui, labda yale ya kuogea yeye.

Jumanne, 5 Novemba
Vumbi nene. Nimeshika simu mara tatu.

Jumamosi, 9 Novemba
Mvua za vuli zimeanza leo asubuhi, kubwa. Nimelitoa gari nikaliacha uani linyeshewe, maji yakashuka kutoka kwenye paa yenyewe, yakabeba vumbi la mwezi mzima. Halafu nikaliosha kwa utaratibu wote, ndoo mbili, mstari ulionyooka. Saa saba jua likatoka. Gari likiwa safi ndipo ile mistari inaonekana sawasawa. Ukiitazama kwa karibu unaona mkono ulipoanzia na ulipoishia. Haufiki katikati ya paa. Koku si mrefu.

Edgar amenitumia ujumbe kwamba kuna fundi mzuri kule Kipawa anaweza kuifuta mistari yote kwa siku moja. Nimemjibu asante, sihitaji.

Saa kumi nimempigia Koku.

"Shikamoo baba. Mgongo unaendeleaje?"
"Marahaba. Haujambo."
"Na gari?"
Hapo nilikuwa na neno moja la kusema, na nililipanga tangu Jumamosi iliyopita. Badala yake nikasema, "Halijambo. Koku, hivi Njombe kuna vumbi?"
"Lipo, baba. Jekundu."
"Sikiliza nikufundishe. Vumbi usilifute kavu. Kwanza maji, mengi, kuanzia juu, yabebe mchanga. Ndoo ziwe mbili…" Nikaendelea, nikamweleza yote, sabuni, taulo, ringi za matairi mwisho. Nimeongea labda dakika kumi. Nilimsikia anapumua tu. Nilipofika kwenye kitambaa kilichodondoka chini, nikajua kwamba anajua kuwa najua.

"Nimeelewa, baba," akasema. "Ila gari la huku analioshaga Lusungu mwenyewe. Kaniambia nisiliguse."

Akasema mama mkwe anamwita, tutaongea siku nyingine, shikamoo. Nimeitikia marahaba, simu ikiwa imeshakatika.